Nimeificha karatasi ya moyo chini ya kiti cha basi, mke wangu anadhani nina mwanamke

Dada mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 52, dereva wa basi la abiria, ruti yetu ni Dar es Salaam na Mbeya. Naishi Morogoro na mke wangu na watoto wanne. Kisukari ninacho huu mwaka wa 12, presha mwaka wa 6. Dawa zangu ni metformin na glibenclamide za sukari, na atenolol ya presha. Kliniki nahudhuria kwa kurukaruka, maana siku ya kliniki mara nyingi inanikuta Mbeya. Mama watoto ndiye huenda kunichukulia dawa.

Mwezi uliopita tuliingia Dar asubuhi baada ya kukesha barabarani. Karibu na gereji tunakolaza magari palikuwa na mahema ya upimaji wa bure. Kondakta wangu akanisukuma, twende tukapime. Mimi nilidhani ni sukari na presha tu. Kumbe waliposikia nina kisukari wakanipeleka hema la mwisho, wakanilaza kitandani, wakanibandika vile vitu vya kunata kifuani vyenye nyaya. Kijana mmoja akaniambia nivute pumzi huku akihesabu hadi tano, nitoe akihesabu hadi tano, dakika nzima. Kisha nikaambiwa ninyanyuke haraka nisimame wima. Mwisho wakapima presha nikiwa nimelala, wakapima tena nikiwa nimesimama.

Karatasi niliyopewa inasema hivi: tofauti ya mapigo wakati wa kupumua 8, uwiano wa kusimama 1.02, presha ya kulala 142/86, ya kusimama 128/80. Chini wameandika: si ya kawaida, amwone daktari. Nikamuuliza yule kijana maana yake nini. Akasema, "Mzee, mishipa ya moyo imeanza kufa. Ndiyo kisukari hicho." Akamwita mtu mwingine.

Dada, tangu siku hiyo sina raha. Kila nikisimama mzani kusubiri zamu, naweka vidole shingoni nahesabu mapigo. Nikiwa nateremka Kitonga na watu zaidi ya 50 nyuma yangu, nawaza: moyo ukisimama hapa, itakuwaje? Karatasi nimeikunja, nimeificha chini ya kiti changu ndani ya basi.

Kwa nini sijaipeleka nyumbani? Hapa nitasema lote. Kwa mwaka mmoja na zaidi nimeshindwa tendo la ndoa. Mwanzo lilikuwa linakuja na kuondoka, sasa halipo kabisa. Nimenunua unga wa dawa stendi, mara mbili, haukusaidia kitu. Mke wangu ameamua nina mwanamke Mbeya. Hasemi kwa mdomo, ila nguo zangu anazinusa kabla ya kuzifua, na simu ikiita usiku anaamka. Nikimwonyesha karatasi pengine ataelewa. Lakini kaka yake, shemeji yangu, ndiye aliyenipeleka kwa tajiri nikapata gari. Wale hawafichani kitu. Shemeji akijua, tajiri anajua, na tajiri akisikia neno moyo nimeshushwa garini siku hiyo hiyo. Nina mtoto chuo na mwingine kidato cha nne.

Basi nikaamua nijitibu mwenyewe. Nilisoma kwenye simu kwamba sukari ikishuka mishipa inapona. Glibenclamide nilikuwa nakunywa kidonge kimoja asubuhi, nikaanza kunywa viwili, na chakula nikapunguza sana. Wiki iliyopita, siku yangu ya mapumziko, nimekaa mezani asubuhi. Ninachokumbuka ni binti yangu wa mwisho, ana miaka 11, ananitazama. Wanasema nilikuwa natia chumvi kwenye chai, kijiko baada ya kijiko, na shati limelowa. Mama yake alidhani nimelewa, akatoka nje kwa hasira. Mtoto ndiye aliyeniletea chai ya sukari, akanishika mkono ninywe. Nilipopata akili nikajipima, ikasoma 2.9, na hiyo ni baada ya kunywa. Sikuwa nimesikia njaa, wala kutetemeka. Nakumbuka hata usiku ule kabla ya mahema, abiria wakiwa wanachimba dawa Ruaha Mbuyuni, nilijipima ikasoma 3.1, nami nilikuwa najiona mzima tu. Nikanywa soda tukaendelea.

Dereva mwenzangu ananishauri ninunue saa ya mkononi inayosoma moyo, niwe najiangalia mwenyewe, mambo yaishe kimya kimya.

Naomba uniambie. Je, karatasi hii inasema nitakufa barabarani? Nimwonyeshe mke wangu? Na tajiri je?

Dereva, Morogoro

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana, na asante kwa kuandika lote, hata lile ambalo wanaume wengi hulifukia. Kabla sijawa mwandishi wa safu hii nilikuwa nesi, na miaka mingi ya kazi yangu niliimalizia kliniki ya kisukari. Kwa hiyo barua yako nimeisoma kwa macho mawili: la dada, na la nesi aliyeona vidole vingi vikichomwa.

Nikikusikia vizuri, una mambo matatu yaliyofungwa kwenye karatasi moja. Unaogopa kufa. Unaogopa kupoteza kazi. Na una nyumba inayopoa kwa jambo ambalo mke wako amelipa jina lisilo lake. Nitakujibu yote, ila naomba uniruhusu nianze na ambalo wewe umeliweka katikati ya barua kama jambo la kupita. Mimi hilo ndilo lililonitoa usingizi.

Hicho kidonge cha pili, mdogo wangu. Glibenclamide hulisukuma kongosho litoe insulini, umekula hujala. Ukiongeza kidonge na kupunguza chakula umeivuta kamba pande zote mbili, na sukari inaporomoka. Dawa hii inakaa mwilini muda mrefu, hivyo baada ya ile chai ya binti yako sukari ingeweza kushuka tena mchana. Nakuomba urudi kwenye kipimo ulichoandikiwa na daktari, na kabla hata hujapanga siku ya kliniki, upige simu au uende ueleze kuhusu 3.1 na 2.9. Atenolol nayo usiiache ghafla kwa hofu ya moyo, maana kuikata kwa mkupuo kunaweza kuudhuru huo moyo unaoulinda.

Naelewa ulikosoma. Ni kweli kwamba kuitunza sukari kunailinda mishipa ya fahamu. Marekani na Kanada waliwafuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, matokeo yakatolewa mwaka 1993, na waliotunza sukari vizuri walipata madhara machache zaidi ya mishipa hiyo, ya moyo ikiwemo. Lakini kuna upande wa pili ambao simu haikukuonyesha. Utafiti mwingine wa Marekani na Kanada, ACCORD, uliwachukua watu zaidi ya 10,000 wenye kisukari cha aina ya pili, wengi wao umri wako na kuendelea. Mwezi Februari 2008 ilibidi kundi lililokuwa likishushwa sukari kwa nguvu lisimamishwe, kwa sababu vifo vilikuwa vingi kuliko kundi la pili. Sukari ya miaka 12 haishushwi kama mtu anayefunga breki ya ghafla kwenye mteremko. Wewe unajua gari hufanya nini ukifanya hivyo.

Sasa tuifunue karatasi.

Yule kijana alikuambia "mishipa ya moyo imeanza kufa". Kwa Kiswahili chetu neno mshipa limebebeshwa mizigo mingi. Mshipa wa damu ni mshipa. Mshipa wa fahamu ni mshipa. Hata ngiri watu huiita mshipa. Wewe ukasikia bomba la damu limeziba na moyo uko karibu kusimama. Kipimo ulichofanyiwa hakiangalii mabomba ya damu. Kinaangalia mishipa ya fahamu, zile nyaya zinazotoka kwenye ubongo kuuambia moyo ongeza, punguza.

Moyo wenye afya haupigi kama saa ya ukutani. Ukivuta pumzi unaharakisha kidogo, ukiitoa unapunguza. Kinachopunguza ni mshipa mmoja mrefu wa fahamu unaotoka chini ya ubongo, ukapita shingoni, ukashuka hadi kifuani na tumboni. Huo ndio breki ya moyo. Kisukari hupenda kuanza na mishipa mirefu. Ndiyo maana ganzi huanzia vidole vya miguu, na ndiyo maana breki hii nayo huguswa mapema, mtu akiwa hajisikii kitu. Ndipo ulipotoka ujanja wa kupima tofauti kati ya pigo na pigo. Wheeler na Watkins, madaktari wa London, waliandika mwaka 1973 kwamba wapo wagonjwa wa kisukari ambao mapigo yao hayabadiliki wanapopumua. Ewing na Clarke wa Edinburgh wakaja na mfululizo wa vipimo vya kitandani: kuvuta pumzi sita kwa dakika, kusimama ghafla, kupima presha umelala na umesimama. Karatasi yako inatokana na kazi yao.

Kwa vipimo vya Edinburgh, tofauti ya mapigo 15 au zaidi ni nzuri, 10 au chini yake si nzuri, na katikati hapo ni kuangaliwa. Yako ni 8. Uwiano wa kusimama, yaani jinsi moyo unavyoharakisha kisha kupunguza mwendo ukishanyanyuka, unaofaa ni 1.04 na kuendelea, mbaya ni 1.00 kushuka chini; wako uko katikati. Presha ya juu ilishuka 14 uliposimama, na kiwango kinachotumika sana leo cha kusema imeshuka kupita kiasi ni 20. Kwa hiyo una kipimo kimoja kibaya, kimoja cha mashaka, na kimoja ambacho hakijafika pabaya. Wataalamu waliokaa kuliweka sawa jambo hili, kipimo kimoja kibaya wanakiita dalili za mwanzo au uwezekano. Ili waseme ugonjwa upo kwa hakika wanataka viwili au zaidi. Ikijitokeza na presha kuanguka mtu akisimama, hapo wanasema umekomaa. Wewe hujafika huko, kwa karatasi hii.

Na hata hiyo 8 naitilia shaka kidogo. Jiulize ulipimwaje. Ulikuwa umekesha. Najua madereva wa usiku hukesha kwa nini: kahawa, au vile vinywaji vya kopo vya kutia nguvu. Unatumia atenolol, nayo inagusa moyo huo huo. Na usiku wa kuamkia kipimo sukari yako ilikuwa 3.1. Kushuka kwa sukari peke yake hupoza majibu ya mishipa hii kwa muda baadaye, ndiyo maana kipimo hiki hutakiwa kufanywa mtu akiwa amelala vizuri, hajanywa kahawa wala kuvuta sigara asubuhi hiyo, na sukari haijaanguka tangu jana yake. Umri nao unaishusha namba hata kwa mtu asiye na kisukari. Sisemi karatasi inasema uongo. Nasema ni kipimo cha kuchuja, kilifanyika siku mbaya, na kinastahili kurudiwa siku nzuri.

Umeniuliza kama inasema utakufa barabarani. Haisemi. Mtu ambaye mishipa hii imeharibika kweli yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya matatizo ya moyo kuliko mgonjwa mwenzake ambaye haijaharibika, hilo sitakuficha. Sababu moja ni kwamba maumivu ya kifua yanaweza yasije, moyo ukakosa damu kimya kimya, mtu akaishia kuhema tu, kutoka jasho la baridi, kutapika, au kulegea pasipo sababu. Hali kama hiyo ikikupata, egesha gari utafute hospitali, usingoje maumivu. Na ukifanyiwa upasuaji wowote, mwambie mtaalamu wa usingizi kuhusu karatasi hii kabla hajakuchoma sindano. Lakini namba 8 haihesabu siku za mtu. Inakuambia daktari akuangalie kwa karibu: ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, figo, macho, miguu, mafuta ya damu, presha. Denmark walifuata watu 160 wenye kisukari cha aina ya pili ambao figo zao zilikuwa zimeanza kuvujisha protini. Waliotibiwa kila kitu kwa pamoja, sukari, presha, mafuta, sigara na mazoezi, mishipa hii iliwaharibikia polepole zaidi kuliko wenzao. Kidonge kimoja kisingefanya hivyo.

Kinachoweza kukuangusha barabarani kwa haraka zaidi, kwa maoni yangu, ni sukari inayoshuka bila wewe kuhisi. Mwili wa kawaida hupiga honi: kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa, jasho. Honi yako haikulia Ruaha Mbuyuni, na mezani ililia nusu, lile jasho peke yake. Sababu zinaweza kuwa tatu kwa pamoja. Mishipa yenyewe. Atenolol, ambayo hunyamazisha mtetemo na mbio za moyo, ila jasho hulibakiza. Na kule kushuka mara kwa mara, kwa sababu mwili unaoshushwa sukari kila siku huzoea na kuacha kulalamika. Hii ya tatu ina habari njema: watu wakikaa wiki kadhaa bila sukari kushuka hata mara moja, honi mara nyingi hurudi.

Kwa hiyo naomba nikupe swali la kwenda nalo kwa daktari, nalo huenda likabadilisha hesabu yako yote ya kazi: je, glibenclamide inaweza kubadilishwa? Zipo dawa za kisukari ambazo zikitumika bila glibenclamide wala insulini ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Nyingine bei yake ni ya juu, sema mapema uwezo wako uko wapi. Mweleze kazi yako kwa maneno kamili, usiseme tu "mimi dereva". Sema naendesha basi, usiku, saa kadhaa, abiria zaidi ya 50. Uliza pia kama bado unahitaji atenolol au kuna nyingine ya presha itakayokufaa zaidi.

Kuhusu kuendesha kwa sasa, sitakuamulia, lakini siwezi kulizungukia. Uingereza, dereva anayetumia insulini huelekezwa kujipima ndani ya saa mbili kabla ya kuondoka, kisha kila saa mbili barabarani. Ikisoma 5 au chini yake ale kitu. Ikiwa chini ya 4 haendeshi, na akishaipandisha ikarudi sawa husubiri dakika 45 kabla ya kushika usukani, kwa sababu akili huchelewa kurudi kuliko namba. Na dereva wa basi huko hutakiwa awe anazihisi dalili. Wewe ulitia chumvi kwenye chai ukiwa umekaa kwenye kiti cha nyumbani. Ungekuwa Kitonga? Umeliuliza swali hilo mwenyewe, ila uliuliza kuhusu moyo. Kama unaweza kuomba wiki mbili tatu za likizo kwa sababu ya matibabu, mpaka dawa zirekebishwe na usomaji wako utulie, ningelala vizuri. Hujalazimika kusema neno moyo. Kusema "nabadilishiwa dawa, daktari ameniambia nipumzike" kunaweza kuwa kweli tupu ukishamwona daktari.

Tajiri, basi. Naziona njia kadhaa na zote zina miiba. Ukinyamaza kabisa, kazi inabaki leo, ila ukipata ajali na karatasi ikapatikana chini ya kiti, umepoteza zaidi ya kazi. Ukimwambia sasa hivi, unampelekea namba ambayo hata daktari hajaisoma, naye ataisikia kama wewe ulivyomsikia yule kijana. Ukimwambia baada ya kipimo cha pili, ukiwa na maneno ya daktari na labda ombi la kuhamia gari la mchana, una kitu cha kusimamia. Anaweza bado kukushusha. Matajiri wapo wa kila aina na wa kwako mimi simjui. Wewe umefanya naye kazi. Ana dereva mwingine mwenye kisukari? Aliwahi kumtendaje dereva aliyeugua? Nadhani hofu yako imejibu maswali haya kabla hujayauliza. Na dereva mwenzako, yule mnayepokezana, nadhani anastahili kujua jambo moja tu: ukianza kuongea pumba, akupe soda yenye sukari na achukue usukani.

Saa yake ya mkononi ninamshukuru kwa nia, ila haitamaliza jambo. Saa hizo humulika ngozi kwa taa na kukisia mapigo. Nyingine hufanya vizuri mtu akiwa amelala, za bei rahisi hubahatisha. Tena namba zake si lugha moja na hiyo 8 yako, ukizilinganisha utajichanganya. Ungeniambia una fedha ya saa, ningesema nunua vijiti vya kupimia sukari. Na kule mzani, toa vidole shingoni. Huwezi kuuhesabu utofauti wa mapigo kwa kidole, unachohesabu pale ni hofu.

Nimekuja kwa mke wako mwisho kwa sababu ndiko ninakotaka kukaa.

Tendo la ndoa linashikwa na mishipa hiyo hiyo ya fahamu, pamoja na mishipa ya damu. Kwa mwanaume mwenye kisukari cha miaka 12 ni jambo tunalolikuta kliniki kila wiki, ila wanaume husubiri nesi wa kike atoke ndipo waseme. Dawa za presha nazo huchangia, na mawazo pia, nawe una mawazo ya kutosha. Linatibika kwa wengi, au hupata nafuu. Lakini ule unga wa stendi uache. Baadhi ya dawa hizo za mtaani hukutwa zimechanganywa na vidonge halisi vya hospitali vya nguvu za kiume bila kuandikwa, na vidonge hivyo vikikutana na dawa fulani za moyo presha huanguka vibaya. Vile vile daktari anapaswa kulijua jambo hili kwa faida ya moyo, kwa sababu mara nyingine hutangulia matatizo ya mishipa ya damu ya moyo.

Sasa mfikirie mwenzako. Anafua nguo na kuzinusa, na hapati harufu ya mtu. Ana mume asiyemgusa, anayeweka vidole shingoni, asiyekula chakula alichopika, ambaye asubuhi moja anatia chumvi kwenye chai huku ametoka jasho. Nawe umemwachia aunganishe vipande hivyo peke yake. Ameunganisha mwanamke, tena ameunganisha na pombe. Ningekuwa yeye pengine ningeunganisha hivyo hivyo.

Unasema yeye na kaka yake hawafichani kitu. Inawezekana. Lakini je, umewahi kumpa siri yako mwenyewe ukamwomba aitunze, au unahukumu kwa yale ya ukoo wanayoambiana siku zote? Huyu ndiye anayesimama foleni ya dawa kwa niaba yako. Anajua una kisukari, anajua una presha, na gari bado unalo. Huenda anatunza zaidi ya unavyodhani. Huenda pia nikawa nimekosea, na ukimwambia leo shemeji anajua Jumapili. Hatari hiyo ipo, na ni wewe utakayeibeba, si mimi.

Kuna njia ya kati ambayo nimeona ikisaidia. Wengine huanza na la chumbani peke yake, bila karatasi: "Mama watoto, si mwanamke, ni sukari, na mimi naona aibu." Sentensi fupi, usiku, taa imezimwa. Wengine huenda naye kliniki, wakaacha daktari au nesi aseme yale ambayo mdomo wa mume hauwezi. Hii ya pili ina faida kwamba anasikia maneno sahihi, mishipa ya fahamu, kipimo cha kurudia, badala ya "moyo unakufa". Lakini inamnyima nafasi ya kusikia kwako kwanza, na wanawake wengine hilo huwauma. Unamjua kuliko mimi. Ukimwomba asimwambie kaka yake mpaka kipimo cha pili kitoke, mpe na sababu, mwambie unaogopa ada za watoto. Hofu hiyo naamini na yeye anayo.

Mpango wowote utakaouchagua, kuna mtu mmoja nyumbani ambaye hawezi kungoja. Yule wa miaka 11. Alimwona baba yake haeleweki, mama yake akatoka nje kwa hasira, akabaki yeye. Mtoto wa umri huo hubaki akijiuliza kama alichokupa kilikuudhuru, maana amesikia miaka yote kwamba baba haruhusiwi sukari. Mkalishe umweleze. Mwonyeshe mashine na namba ya 4. Mwonyeshe kopo la sukari lilipo, vijiko vitatu au vinne kwenye maji, angoje dakika 15, kisha baba ale chakula. Mwambie baba akiwa amezimia asimtie kitu mdomoni, akimbie kuita mtu mzima. Na umwambie kwamba asubuhi ile, nyumba nzima, yeye ndiye aliyefanya sawasawa.